Mpira Ulioponyoka Wickendene

"Sema kwamba ulimchukia."

"Nilimchukia," Amos Tickner akajibu. "Unataka niseme kwa sauti zaidi? Nilimchukia Reuben Stanbrook tangu siku aliyomnyonga mbwa wangu kwenye mwaloni, mwanangu akiangalia. Haya, andika."

Konstebo Gervase Akehurst hakuandika kitu. Alisimama mlangoni mwa kijumba cha mahabusu, kile cha mawe kando ya kanisa, maana ndani hapakutosha watu wawili. Joto la Julai lilikuwa limeshaanza na harufu ya ndani haikusemeka. Akehurst alikuwa mkulima mwenye shamba lake; ukonstebo ulimwangukia mwaka huu kwa zamu ya parokia, bila mshahara na bila kuuomba. Jumamosi jioni ndiye aliyemfunga Amos mikono. Sasa ilikuwa Jumatatu, na alikuwa hajaipenda ile kazi hata kidogo.

"Mbwa wako alikamata sungura wa bwana mkubwa," akasema.

"Mbwa wangu alikamata sungura wa Mungu! Mimi nakata na kusuka michongoma ya Sir Peregrine tangu utotoni, sungura anapita katikati ya miguu yangu, nami nifumbe macho kwa sababu sina ardhi. Wao wakimkimbiza na mbwa wao ni mchezo. Mimi nikimkimbiza ni jela. Na Reuben, mtoto wa hapa hapa, baba yake alikuwa mchimba mitaro, akavaa koti la kijani la mlinzi wa msitu akawa mbwa wao wa kwanza."

"Basi ulipopata nafasi uwanjani, kwenye kriketi ya Jumamosi, ukamvunja kichwa."

Amos aligeuza viganja vyake. Alikuwa mtu mpana, mikono yake imejaa makovu ya miiba. Aliiangalia mikono hiyo.

"Hilo ndilo sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Kama nilimvunja. Sikiliza, konstebo. Wewe ulikuwa barabarani unazuia magari ya farasi ya watu wa Chalkhurst, hukuona. Niliwachezea wao dhidi ya bwana mkubwa. Nilipiga mpira, nikakimbia. Nikarudi kuchomeka kigongo changu shimoni. Yeye naye akaja mbio na mpira autie shimoni kabla yangu. Unajua pale palivyo."

Akehurst alijua. Vijiti viwili vimesimama, na kati yake shimo. Mpigaji atie kigongo, mdakaji atie mpira, na anayewahi ndiye mwenye haki. Hapo ndipo watu walipoumizana, na hapakuwa na kijiji katika Sussex kisichokuwa na mzee mwenye kidole kilichopinda kwa sababu ya shimo hilo.

"Nilishusha kigongo kwa nguvu zote," Amos akaendelea. "Nilisikia mfupa. Akapiga magoti, akatoa sauti kama ndama. Mimi niliona mgongo wake tu. Kisha akainuka, akaenda zake mahali pake, mchezo ukaendelea. Tangu Jumamosi namwomba Mungu anikumbushe kigongo kilitua wapi. Hajanijibu. Labda nilimuua kweli."

"Watu wote wanasema kichwani."

"Watu gani? Waliokaa hemani ng'ambo ya uwanja wakila kuku?" Amos akacheka, kicheko kibaya. "Mkokoteni wa kunipeleka jela ya Horsham unakuja lini?"

"Baada ya mazishi."

"Mazishi? Wanamzika leo? Na hakimu wa vifo hajatoka Lewes?"

"Anafika jioni. Sir Peregrine anasema joto ni kali, maiti haitasubiri."

Amos alisogea mlangoni mpaka pua zao zikakaribiana. "Gervase Akehurst, mama yako alinibeba ubatizoni. Mkimfukia yule mtu kabla hajatazamwa, mimi nimeshanyongwa. Kilichobaki ni kamba tu."

Konstebo alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Alitembea haraka kuliko kawaida yake.

*

Silas Pook alikuwa kwenye bustani ya jumba kubwa, akikata maua ya kupeleka kanisani. Mzee huyu hakuwa mtunza bustani hodari, na kila mtu alilijua hilo. Sir Peregrine alimpa kazi kwa sababu alirusha mpira vizuri kuliko mtu yeyote wa upande ule. Timu nzima ya Wickendene ilikuwa hivyo: mchunga farasi anayepiga, mpishi anayekimbia, mlinzi wa msitu anayedaka. Siku ya mchezo wote walivaa mashati meupe pamoja na bwana wao, wakaitana kwa majina. Mchezo ukiisha, mabwana waliingia hemani, wengine wakaenda nyuma kwenye pipa la bia.

"Mzee Silas, Reuben alianguka wapi?"

"Penye pipa." Jibu lilitoka kabla swali halijaisha.

"Ulimwona akianguka?"

"Kila mtu alimwona."

"Nimekuuliza wewe."

Silas alikata ua, likaanguka, hakuliokota. "Bwana Akehurst, usiniharibie. Nyumba ninayolala ni ya bwana. Siku mkono huu ukichoka kurusha, unadhani kabichi zangu zitanitetea? Umeziona kabichi zangu?"

"Nimeziona. Alikunywa bia?"

"Nani?"

"Reuben. Umesema alianguka penye pipa. Nani alimkingia?"

"Nani angemkingia!" Silas akapandisha sauti ghafla. "Tulishindwa kwa sababu yake! Mpira wa mwisho, Amos kaupiga vibaya, umepanda juu, unashuka polepole. Mtoto angeudaka kwa aproni. Reuben kasimama chini yake, kautazama, ukapita mikononi mwake kama maji. Chalkhurst nzima inashangilia. Mimi mwenyewe nilimtemea mate. Usoni. Na sijutii."

"Akakwambia nini?"

"Hakusema neno. Alisimama tu, mkono mmoja kautia kwapani kama mtu anayeona baridi. Baridi! Katika jua lile!"

"Mkono upi?"

"Wa kulia. Sijui. Wa kulia. Kisha akaitwa, akaondoka."

"Akaitwa wapi?"

Mzee aligundua alichosema. Alikusanya maua yake kifuani, mengine yakadondoka.

"Nimesema alianguka penye pipa," akasema. "Nimesema hivyo Jumamosi, nasema hivyo leo, na hakimu akija nitasema hivyo. Niache, Bwana Akehurst. Niache nifanye kazi."

*

Nyumba ya mlinzi wa msitu ilikuwa peke yake pembeni mwa miti. Mtu akifa Wickendene, wanawake hujaa, mkate huletwa, watoto hufukuzwa mlangoni. Hapa hapakuwa na mtu. Jeneza lilikuwa juu ya meza, na Tabitha Stanbrook alikaa kando yake amenyooka, Biblia imefungwa magotini.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kumtazama, mama."

"Ulishamtazama Jumamosi. Kila mtu kamwona uso. Hata mimi nimepewa uso tu."

Ilikuwa kweli. Reuben alikuwa ameshonewa sanda ya sufu, kama sheria inavyotaka kwa kila maiti, kuanzia miguuni hadi shingoni, mikono ndani. Kichwa kilizungushiwa kitambaa kinene. Uso ulibaki wazi, umetulia, na taya limefungwa.

"Nani alishona?"

"Msimamizi wa jumba kubwa na wasichana wake." Sauti yake ilikuwa ya chini na kavu. "Waliniletea ameshaoshwa, ameshashonwa, kama nguo iliyotoka kwa fundi. Wakasema bwana mkubwa kwa huruma yake hataki niteseke. Mashati ya mtu huyu nimefua mimi. Vidonda vyake nimefunga mimi, alipopigwa mawe na watu wa kijiji chako. Na siku ya mwisho nikanyimwa hata kumwosha miguu."

"Nataka kuifungua sanda."

Tabitha alimgeukia. "Unajua unachosema? Nyumba hii ni ya bwana. Moto ule ni kuni zake. Ukikata uzi mmoja, kesho nalala mtaroni."

"Nisipokata, Amos Tickner atanyongwa."

"Amos!" Alisimama, Biblia ikaanguka. "Amos aliyemwita mume wangu Yuda mlangoni mwa kanisa! Na anyongwe!"

"Kama alimuua, atanyongwa. Mimi sijui kama alimuua. Na wewe hujui. Wanaojua ni waliomshona."

Hapo yule mwanamke alimnyooshea kidole.

"Wewe umepita mlango huu mara ngapi, Bwana Akehurst? Miaka yote hii, umewahi kubisha? Mkeo amewahi kuniazima hata chumvi? Mabwana walimwita Reuben kwa kupiga mluzi. Nyinyi mlimwita Yuda. Hakuna upande uliomwita kwa jina lake. Sasa amekufa, wao wanamtaka ardhini haraka, na wewe unamtaka mezani. Hakuna hata mmoja anayemtaka yeye!"

Konstebo alirudi nyuma hatua moja. Alivua kofia, akangoja.

Tabitha aliokota Biblia, akaibusu, akaiweka dirishani. Kisha alichukua mkasi kikapuni. Konstebo aliponyoosha mkono kuupokea, Tabitha alimsukuma.

"Toa mkono. Ni mume wangu."

Alikata mwenyewe, polepole, akiomba Baba Yetu kwa kunong'ona. Sufu ilifunguka kifuani. Alipoutoa mkono wa kulia, sala ilikatika katikati.

Vidole vitatu vilikuwa vyeusi, vimevimba kama soseji. Kimoja kilielekea upande usio wake. Waliomwosha walikuwa wamefanya kazi yao, lakini chini ya kucha iliyopasuka ulibaki udongo mwekundu, ule wa shimo la uwanjani. Hapakuwa na udongo mwekundu mwingine karibu.

Akehurst aliinama. Aliugeuza mkono, akautazama kiganja, akautazama tena juu. "Sasa kichwa, mama."

Tabitha alifungua kitambaa. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na shimo dogo la duara, lingeenea yai la njiwa, limeingia ndani kabisa. Pembeni yake ngozi ilikuwa tambarare.

"Kigongo cha Amos kiko nyumbani kwangu," konstebo akasema. "Ni kipana kama kiganja. Kingepasua upande mzima wa kichwa. Hiki kilikuwa kitu chembamba, kizito mwishoni."

"Sema wazi. Mimi sikusoma sana."

"Mkono wa maiti hauvimbi. Reuben alipigwa mkono akiwa hai, akaishi nao muda mrefu mpaka ukavimba hivi. Hapa penye kichwa hapakupata muda wa kuvimba. Alipigwa mara mbili, mama, na watu wawili. Amos alimpiga mkononi, shimoni, mbele ya watu wote. Nao kwa sababu alipiga magoti ameinama wakadhani ni kichwa."

Tabitha alikuwa ameushika ule mkono katika mikono yake yote miwili. "Yaani mpira ule wanaomtukania," akasema. "Alitaka kuudaka kwa huu?"

"Ndiyo."

"Na hakumwambia mtu."

"Angemwambia nani?"

Hakulia. Aliuweka mkono juu ya kifua cha mumewe, nje ya sanda, akaulaza vizuri. Alipoona konstebo anashika sindano, akamzuia.

"Asishonwe tena. Mtu asimfiche tena."

Nje zilisikika hatua. Wabebaji walikuwa wamefika kabla ya wakati: wachezaji sita wa Sir Peregrine, Silas Pook mbele yao, wote wameagizwa kufanya haraka. Akehurst alirudisha kifuniko kabla hawajaingia, akakilaza bila msumari. Angeweza kuwazuia pale pale. Hakuwazuia. Mtu aliyetaka kumhoji alikuwa anasubiri langoni mwa kanisa.

*

Lango la kanisa la Wickendene lina paa, na chini ya paa kuna ubao mrefu ambapo jeneza hupumzishwa mpaka kasisi aje kulipokea. Wabebaji walilitua hapo. Sir Peregrine Oxley alikuwa amesimama ndani ya lango kwa koti jeusi, mwekundu kwa joto. Nyuma yake barabarani mkokoteni wa Horsham ulikuwa tayari, farasi amefungwa.

"Mmechelewa," akasema. "Kasisi yuko madhabahuni. Ingizeni."

"Mwili huu hauzikwi leo," Akehurst akasema. "Hakimu wa vifo hajauona."

"Akehurst, nenda ukalishe nguruwe."

"Nguruwe wameshakula, bwana. Sheria inasema auone."

"Auone nini? Watu mia walishuhudia! Yule mwizi wa sungura alimpasua kichwa kwa kigongo mbele ya macho yangu."

"Kabla ya ule mpira kuponyoka, au baada yake?"

"Kabla. Kila mpumbavu anajua ilikuwa kabla."

"Basi Reuben alisimama uwanjani na fuvu limepasuka," konstebo akasema taratibu, "na bado akajaribu kuwadakia mpira. Ni mtumishi mwema sana huyo. Wengine wangelala chini."

"Kujaribu?" Uso wa Sir Peregrine ulizidi kuwa mwekundu. "Kujaribu! Usinifundishe mchezo, wewe! Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu nawe. Miguu imara, macho wazi, mzima kama ng'ombe. Akafungua mikono akauachia! Nilimvisha, nikamlisha, nikampa nyumba, akaniuza kwa Chalkhurst mbele ya kila bwana wa wilaya hii, na nilimwambia hivyo usoni mwake, na..."

Alijifuta jasho. Wabebaji walikuwa wakitazama chini.

"Ulimwambia wapi, bwana?"

Sir Peregrine aligeukia kanisa.

"Umesema alikuwa mzima," Akehurst akaendelea. "Wewe ulikuwa karibu, unajua. Kama alikuwa mzima mpira ulipoponyoka, Amos hakumvunja kichwa. Na kama Amos alikuwa ameshamvunja kichwa, wewe ulikuwa unamkasirikia nini?"

"Inueni hilo jeneza!"

Tabitha alitoka nyuma ya wanaume. Hakumtazama bwana mkubwa. Alishika kifuniko, akakisukuma upande mmoja. Mkono mweusi wa Reuben ulikuwa juu ya sufu nyeupe, na jua likaupata.

"Silas Pook," akasema. "Njoo uangalie uliyemtemea mate."

Mzee alisogea. Alitazama vidole vile kwa muda. Aligusa udongo mwekundu chini ya kucha iliyopasuka.

"Shimoni," akasema mwishowe. "Mungu wangu. Vilivunjikia shimoni. Na alisimama pale tu, mkono kwapani. Kwa nini hakusema?"

"Ulimpa nafasi?" Tabitha akamjibu. "Kwa mdomo uliojaa mate?"

Silas aligeuka, machozi yanamtiririka, na hasira yake yote ilipata mahali pa kwenda.

"Aliitwa hemani," akamwambia konstebo, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Aliingia kwa miguu yake. Tulisikia bwana akifoka, tukasikia mjeledi, ule wenye kirungu cha madini ya risasi mwishoni. Pigo moja. Kisha mimi na mpishi tukaitwa tumtoe. Tuliambiwa tumlaze penye pipa. Tukamlaza penye pipa. Haya, nimesema. Kabichi zangu na zioze."

"Nilimrudi mtumishi wangu!" Sir Peregrine akapiga kelele. "Ni haki yangu! Sheria inamruhusu bwana kumrudi mtumishi wake!"

"Hilo utamwambia hakimu," Akehurst akasema. Aligeukia barabara. "Wewe wa mkokoteni! Mfungue farasi. Amos Tickner haendi Horsham leo."

Yule wa mkokoteni alimtazama bwana, akamtazama konstebo, akaanza kulegeza mikanda.

"Sita nyie!" Sir Peregrine aliwageukia wabebaji. "Mnakula mkate wangu. Inueni, mpelekeni kaburini, sasa hivi, au usiku wa leo hakuna atakayelala chini ya paa langu!"

Mpishi aliketi kwenye ukuta wa mawe. Mchunga farasi akaketi kando yake. Mmoja baada ya mwingine wakaketi wote watano, wakiwa wameinamisha vichwa, kama watu waliochoka baada ya mchezo. Silas alibaki amesimama na Tabitha.

Basi bwana mkubwa akafanya jambo ambalo Wickendene hawakuwahi kuliona. Alikwenda mwenyewe kwenye jeneza. Alilishika upande wa kichwani kwa mikono miwili, akapanua miguu, akavuta. Mishipa ya shingo ilimtoka. Jeneza lilikwaruza ubao kidogo, likakaa. Akavuta tena. Watu sita walimwangalia, na kutoka kanisani kasisi aliuliza kuna nini, asijibiwe na mtu.

Konstebo alikuja akasimama karibu naye, akarudisha kifuniko kwa upole, akiuacha mkono ule wazi.

"Hilo halibebwi na mtu mmoja, bwana," akasema. "Keti. Tunamngoja hakimu."